Marimba bustanini: kelele ya nani?

Hapa Walukuba, Jinja, tuna baraza la kahawa ambalo mada zake hazibadiliki: mpira, bei ya sukari, na nani amehama nyumba usiku bila kulipa kodi. Mwezi huu zimebadilika. Seremala mmoja wa mtaa, kijana, ametuletea mchoro: marimba kubwa ya magogo, iwekwe kwenye bustani ya umma, isiwe na mwenyewe, apitaye apige. Pembeni yake mawe yanayolia yakigongwa, na bembea ambazo kila moja hutoa noti yake inapokwenda na kurudi. Waliosomea mambo haya huiita sanaa ya sauti shirikishi, yaani kazi inayokaa kimya mpaka mtu aiguse, na ambayo asipoigusa hakuna kazi.

Afande mmoja mstaafu, ambaye Kiswahili chake cha kambini ndicho kinachoendesha baraza letu, aliutazama ule mchoro, akaurudisha. "Kijana, hapo ndipo mahali pa mwisho penye kimya. Unataka kutunyang'anya na hapo?"

Siku tatu nilikuwa upande wa afande. Nieleze kwanza kwa nini, maana wanaoshabikia sanaa humwona mtu kama yeye kuwa mzee asiyependa watoto, na hilo si kweli.

Mtu wa mjini Uganda haamshwi na jogoo. Anaamshwa na bizindaalo, vile vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, ambavyo hutangaza msiba, mtoto aliyepotea na dawa ya kunguni kwa sauti ileile moja. Akitoka nje, yupo kondakta wa taksi. Mchana ipo baiskeli ya aiskrimu yenye kawimbo kafupi kanakorudiwa mpaka jioni, na usiku upo mkesha wa kanisa la jirani, ambao mhubiri wake hawezi kusema "amina" bila spika nne. Bustani nazo ni chache na zimezoea kunyang'anywa. Centenary Park ya Kampala, iliyopewa jina hilo kwa ajili ya kutimiza miaka 100 ya mji, kwa muda mrefu ilikuwa na baa na mikahawa mingi kuliko nyasi. Constitution Square, katikati ya mji huohuo, baada ya maandamano ya kutembea kwenda kazini ya mwaka 2011 ilikaa miaka mingi mikononi mwa polisi. Kwa hiyo ukipata kipande cha kivuli kilichobaki, ambapo mwanafunzi wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anakuja kusoma kwa sababu nyumbani kwao chumba ni kimoja na redio ni mbili, lazima ujiulize mara mbili kabla ya kupeleka hapo kitu cha kugongwa.

Kisha kuna mtu ambaye hakuna anayemtaja katika mabishano haya. Mgeni wa bustani hukaa saa moja, akaondoka. Mpiga picha wa bustanini, yule mwenye kamera shingoni anayekuuliza kama unataka ukumbusho, pamoja na mama wa karanga, wako hapo kuanzia asubuhi mpaka giza. Watoto wakigundua noti mbili wanazozipenda, watazipiga noti hizo mbili, na hao wawili watazisikia kwa saa kumi. Sanaa inayomfurahisha mpita njia inaweza kuwa adhabu kwa mkaaji. Mwaka 1977 msanii wa sauti Max Neuhaus alipoficha mvumo wake chini ya vyuma vya hewa vya Times Square, New York, alikataa hata kuweka kibao. Wengi walipita juu yake bila kujua, na aliyeusikia mvumo huo aliugundua mwenyewe. Huo ulikuwa ustaarabu wa aina yake. Lakini marimba haiwezi kujificha.

Kilichonihamisha ni namba moja tu.

Kanuni za Uganda za viwango vya kelele za mwaka 2003 ziliyagawa maeneo kwa makundi na kila kundi likapewa kiwango chake cha desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Viwandani, desibeli 70 mchana. Mtaa wa makazi uliochanganyika na biashara na burudani, 55. Makazi matupu, 50. Na bustani? Maeneo ya mapumziko yamewekwa kundi moja na hospitali, nyumba za wazee na maktaba ya umma: desibeli 45 mchana, 35 usiku. Yaani mbele ya kanuni hizo, mtu aliyelala chini ya mwembe bustanini na mgonjwa aliyelala wodini wanastahili ukimya uleule.

Ukisikia mara ya kwanza unafurahi. Afande alifurahi mno niliposoma, alipiga paja. Mimi namba ile ilinikaa kichwani kama mfupa wa samaki kooni. Maongezi ya kawaida ya watu wawili, wakiwa umbali wa mita moja, hufika desibeli 60 hivi. Na desibeli hazihesabiki kama shilingi: kila ukiongeza 10, nguvu ya sauti imezidi mara kumi. Tofauti ya 15 kati ya 45 na 60 maana yake maongezi ya hao wawili yana nguvu ya zaidi ya mara thelathini ya kile kinachoruhusiwa. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, kwa hiyo itabidi usogee karibu mita sita kutoka kwa wapenzi wanaoongea taratibu ndipo kipimo chako kishuke hadi 45. Na hapo sijahesabu korongo wa Kampala, wala ndege wengine wakiwa kwenye mtini, wala mwadhini, wala mtoto mchanga anayelia njaa. Bustani yenye watu watano wanaozungumza imeshavunja kiwango kabla seremala hajaleta gogo hata moja.

Sasa, kanuni hizohizo zina mlango wa kibali: mwenye shughuli ya kupita kiwango anaweza kuomba leseni. Nani huomba? Mwenye tamasha, mwenye baa, mwenye mkutano wa injili. Watu wenye anuani, mhuri na karani. Mtoto aliyeokota kijiti haendi kuomba leseni. Matokeo yake ni kwamba kipimo kilichotungwa kwa nia ya kumlinda mnyonge dhidi ya jenereta na disko kinaweza kutumika, bila hila yoyote, kuruhusu spika ya mwenye fedha na kuzuia gogo la asiye nazo. Sisemi kimetumika hivyo. Nasema ndivyo hesabu inavyoelekea ukiipima sauti kwa ukubwa wake peke yake.

Maana kuna jambo ambalo mashine ya desibeli hailiulizi: nani anaweza kuizima? Mkesha wa kanisa unakukera kwa sababu huna pa kuushika. Kizindaalo kiko juu ya nguzo, swichi yake iko ndani ya chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo amelala kwingine. Marimba ya bustani sauti yake yote iko kwenye mkono wa mtu unayemwona. Unaweza kumwambia, "Mwanangu, pumzika kidogo, bibi anasoma dua." Akiinua mkono, imekwisha. Haina spika, haina waya, haina wimbo uliorekodiwa wa kujirudia. Kati ya sauti zote za Jinja ninazozijua, hii ndiyo pekee ambayo inachoka.

Wapinzani watasema huo ni mtindo wa Ulaya unaoletwa na wafadhili, utapigwa picha siku ya ufunguzi kisha uoze. Kuoza nitakuja. Lakini kuhusu asili yake, nadhani wamekosea kabisa, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Nenda kisiwa cha Dolwe, Ziwa Victoria, wilaya ya Namayingo. Kuna miamba pale yenye vishimo vidogovidogo, laini kama ndani ya kinu, vilivyochimbwa na mikono ya watu waliogonga jiwe kwa jiwe kwa vizazi, kwa sababu miamba hiyo hulia kama kengele. Tanzania ipo mingine kwenye vilima vya Moru, Serengeti. Hakuna jukwaa, na chombo chenyewe hakibebeki. Ukitaka kujua sanaa ya sauti shirikishi mahali pa wazi ilianzia wapi, huna haja ya kuanza na Ulaya.

Kisha kuna magogo yenyewe. Amadinda, marimba ya Buganda, ina mbao kumi na mbili za mti wa lusambya zilizolazwa juu ya migomba miwili. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, anapiga mfululizo wake sawasawa. Wa pili, omwawuzi, anaingiza wake katika nafasi zilizoachwa katikati, kila pigo lake likiangukia penye pengo la mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za juu, na kazi yake ni kuzirudia kwa sauti nyembamba noti fulani za chini zinapopita. Kinachotoka ni nyimbo ambazo hakuna hata mmoja kati yao anayezipiga. Ukimsikiliza omunazi peke yake, wimbo haupo. Ukimsikiliza omwawuzi, haupo. Unazaliwa hewani kati yao, na masikio yako ndiyo yanayouchagua; jirani yako aliyeketi benchi lilelile anaweza kusikia mwingine. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefika Kampala akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1950, alifundishwa haya na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na baadaye alitumia miaka mingi kuwaeleza wasomi kitu ambacho Muyinda alikuwa nacho mikononi.

Busoga wamekwenda mbali zaidi. Embaire, marimba yao, katika kijiji cha Nakibembe huchimbiwa shimo chini ya magogo, ardhi yenyewe iwe mtungi wa sauti, na watu sita na zaidi huketi pande zote mbili wakipiga chombo kimoja. Na bigwala, vile vibuyu vya kupuliza vya hukohuko Busoga, kila kimoja kina noti moja tu. Moja! Mtu mwenye kibuyu kimoja hana muziki kabisa. Wanahitajika watano au zaidi, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuchomeka noti, ndipo wimbo utembee. UNESCO iliiweka bigwala mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na wakati huo mabingwa wazee waliobaki walikuwa wanne. Wanne, kwa muziki unaohitaji watano.

Mwaka 2011 jijini Montreal, Kanada, wabunifu waliweka bembea 21 barabarani, kila moja na sauti yake, na baadhi ya nyimbo zilitokea pale tu watu wasiojuana walipobembea kwa pamoja. Ulimwengu ulishangilia, na ilistahili. Lakini Msoga mwenye kibuyu angeuliza: na hilo nalo ni jipya?

Kuna jambo la kiufundi linalomsaidia seremala wetu bila yeye kulitaja kwenye mchoro. Amadinda hugawanya oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti ileile ya juu yake, kwa hatua tano zinazokaribia kulingana. Hakuna ngazi ndogo za kugongana vibaya kama kwenye piano, ambako mtoto akiweka viganja viwili utaziba masikio. Mtoto akiparamia amadinda kwa fujo, kinachotoka hakitakuwa muziki wa ikulu, ila hakitakuwa karaha. Chombo chenyewe humsamehe.

Kwa nini basi kitu hiki kinaonekana kigeni bustanini? Nadhani ni kwa sababu ya safari kilichopitia. Kilikuwa Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Mwezi Mei 1966 jeshi likavamia Mengo, wanamuziki wakatawanyika, ngoma za ikulu zikateketea, na mwaka uliofuata falme zikafutwa hadi 1993. Kilichonusurika kwa sehemu kubwa kilinusurika makumbusho ya Uganda, pale Kitante, Kampala, ambako Klaus Wachsmann alipokuwa msimamizi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 aliwaajiri wanamuziki, Muyinda akiwemo, wawepo wapige mbele ya wageni, vyombo visibaki kunyamaza ndani ya vioo. Kwa wakati wake lilikuwa jambo la ujasiri. Hata hivyo, makumbusho yana mlango na ada, na mtoto wa Walukuba akienda huko huenda mara moja, kwa basi la shule, ameambiwa asiguse kitu. Ikulu, makumbusho: kote huko kuna anayepiga na anayesikiliza. Bustani ndiyo mahali ambapo mpaka huo unaweza kuondoka.

Tusiote, lakini. Mpango huu unaweza kufa kwa njia nyingi, na nyingi si za kisanaa. Ukitengeneza vyuma vya kulia, wiki ya pili viko kwenye mizani ya mnunuzi wa skrepa. Sanamu na vifuniko vya mitaro havijapona, marimba ya chuma itapona vipi? Ukichimba shimo la embaire kwenye ardhi ya Jinja, mvua ya Aprili italigeuza bwawa la mbu. Migomba inayobeba mbao za amadinda huoza upesi, na lazima ibadilishwe, kamba nazo. Lusambya hustahimili mchwa kuliko miti mingi, ila haistahimili uzembe. Wafadhili wanapenda kulipia kitu kikiwa kipya. Kitu hiki hakihitaji mtu wa kukizindua kama kinavyohitaji mtu wa kukata mgomba kila mara, na mgomba, namshukuru Mungu, ndiyo malighafi ambayo Uganda haijawahi kupungukiwa.

Ndiyo maana nasema: mbao na mawe, ndiyo. Spika, vihisio vya mwendo, sauti zilizorekodiwa zinazojiwasha mtu akipita, hapana. Hapo nabaki na afande kabisa. Najua wasanii wa sauti barani hufanya kazi nzuri kwa rekodi. Emeka Ogboh wa Nigeria amezipeleka sauti za Lagos kwenye maonyesho makubwa ya Ulaya, na zinastahili. Maonyesho yana ukuta na saa ya kufunga. Ukiiweka bustanini spika inayojiwasha yenyewe, umeongeza kizindaalo kingine, hata kama kinapiga kitu kizuri. Mtu aliyefiwa anapita kwenda kuketi peke yake, mti unaanza kumwimbia. Nani aliuliza?

Kadhalika mahali. Weka marimba upande wa barabara, ambako malori yanapita na hakuna anayesoma, uache upande wa maji kwa wenye kutaka kimya. Kanuni ya desibeli 6 niliyoitaja inafanya kazi kwa faida yetu pia: kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inashuka, na miti minene ikiwa katikati angalau macho yanapumzika. Afande alitembea mwenyewe bustanini kupima kwa hatua, fimbo mkononi, akarudi na idadi. Anataka hatua themanini kutoka benchi la kwanza. Seremala anatoa hamsini. Tumewaacha wavutane.

Palipobaki pagumu ni kwenye fimbo za kupigia. Mchoro unazifunga kwa mnyororo, mtu asiende nazo nyumbani kusongea ugali. Lakini fimbo zikiwa hapo usiku, mlevi wa saa nane atazikuta, na kile nilichokisifu, kwamba sauti hii inaweza kuzimwa, kinakuwa uongo, maana hakuna wa kumwambia mlevi wa saa nane apumzike. Zikifungiwa kwenye sanduku, lazima awepo mwenye ufunguo. Baraza lilipendekeza askari wa bustani. Mama mmoja anayeuza mandazi hapo kando, ambaye hatukujua kama anasikiliza, akasema apewe mpiga picha, kwa kuwa ndiye anayefika kwanza na kuondoka mwisho, na ndiye atakayechoka nazo kabla ya mtu mwingine yeyote, akichoka afunge.

Sijasikia pendekezo bora zaidi ya hilo. Seremala ameshaliandika pembeni ya mchoro wake. Afande anachouliza sasa ni mpiga picha huyo atalipwa na nani, na kwa fungu lipi la bajeti ya jiji.